Pikipiki ya Picha au Pikipiki ya Njia? Bidada wa Newala na Hela ya Korosho

Haya sasa. Kuna bidada mmoja yuko Newala, jina likae pembeni maana mji mdogo ule na kila mtu anamjua mwenzake. Umri miaka 24, form four alishamaliza kitambo, anauza vitenge, mafuta ya ngozi na nywele za kusuka. Wateja wake wengine wako Newala mjini, wengine Kitangali, wengine Mahuta kule Tandahimba, na wengine wako Masasi. Oda zinaingia WhatsApp, status yake inaangaliwa kuliko taarifa ya habari. Biashara ipo. Tatizo lake lilikuwa moja tu: kufikisha mzigo.

Kila oda ilikuwa ni kumbembeleza bodaboda. Mteja wa Kitangali anataka kitenge cha elfu kumi na tano, nauli ya kwenda na kurudi inakula faida yote na chenji juu. Ukiuza hivyo umefanya biashara au umefanya matembezi? Bidada akapiga hesabu za mwaka mzima kwenye daftari lake, akaona hela aliyowapa bodaboda ingeshanunua pikipiki na bado ikabaki ya soda. Hapo ndo wazo lilipoanza: anunue yake. Sio mpya, mpya ni hela ndefu. Used, lakini nzima.

Sasa ukishasema used umeingia kwenye dunia ya madalali, na dunia hiyo haina huruma na mgeni. Bidada alikuwa mgeni wa vyote viwili, hajawahi kununua pikipiki na hajawahi kuiendesha.

HELA YENYEWE ILITOKA WAPI

Hela haikutoka kwenye vitenge, ilitoka shambani kwa mama yake. Aliyekulia kusini anaijua kalenda. Mikorosho inaanza kuangusha kuanzia Septemba na Oktoba, watu wanaokota, wanaanika, wanapeleka chama cha msingi, mzigo unaingia ghalani na kupigwa mnada. Newala na Tandahimba wako chini ya TANECU, Masasi na Mtwara wako MAMCU. Mfumo huo wa stakabadhi ghalani ulianza msimu wa 2007/08, na tangu hapo watu wameona mengi. Mwaka 2018 wakulima waligomea bei za mnada, serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kusomba magunia. Kuna mwaka unacheka, kuna mwaka unasubiri malipo mpaka unasahau ulipima kilo ngapi.

Hela ya korosho inakuja mara moja kwa mwaka. Ukiichezea Desemba, unaijutia mpaka Oktoba nyingine. Mama mtu alishagawa mafungu yake: palizi, dawa ya kupuliza mikorosho, ada ya mdogo mtu, na milioni mbili na laki mbili kwa ajili ya pikipiki ya binti.

Ila hela hiyo hakupewa binti mkononi. Alipewa mjomba.

Kama wewe ni wa mjini na mjomba kwako ni mtu wa kuja sikukuu na soda za kopo, kaa hapa uelewe. Wamakonde, Wamakua na Wayao wanahesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa hiyo kaka yake mama ana neno kwenye mahari, kwenye shamba, kwenye msiba na kwenye hela. Binti akaenda kupiga goti. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mwanangu, karibu." Akaeleza. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho, akasema maneno matatu tu: "Leseni, helmeti, pikipiki." Akayarudia kwa mpangilio huohuo. Pikipiki ya mwisho.

Mjomba mwenyewe anatembea akivuta mguu wa kulia. Bidada amekua anauona mguu huo, hajawahi kuuliza ulipatwa na nini. Mguu huo utarudi mbele kidogo.

JAMAA WA DAR NA KRUZA

Kulikuwa na jamaa Dar, wapo kwenye uhusiano mwaka wa pili, mambo ya kuonana Pasaka na Desemba. Jamaa sio mtu mbaya, na hilo lisemwe mapema kabla watu hawajaanza kumshambulia. Alisikia habari za pikipiki akafurahi, akasema ataongeza laki tano. Na akatuma kweli, siku hiyohiyo.

Ila jamaa alikuwa na picha yake kichwani. Hakutaka mtu wake aendeshe pikipiki ya bodaboda. Alikuwa anamtumia video za wadada waliopanda kruza. Hapa usichanganye na Land Cruiser. Kruza ya pikipiki ni ile yenye siti ya chini, usukani mpana, miguu inatangulia mbele, tenki kama tone la maji, ekzosi inang'aa mpaka unajiona meno. Pikipiki ya kukaa kama umekaa kwenye kochi.

Kruza za ukubwa wa kati nyingi zinazozunguka huku zimetokea Japan, na sababu ipo. Kule leseni ya kawaida ya pikipiki inaishia sisi 400, na za sisi 250 kushuka chini hazina ule ukaguzi wa lazima wa kila baada ya miaka. Kwa hiyo Wajapani walitengeneza na kununua kwa wingi Virago 250, Rebel 250, Drag Star 400, Steed 400. Wakizichoka zinauzwa nje, chache zinafika Dar, na mojamoja inapotelea mikoani.

Mojawapo ilipotelea Masasi. Virago 250, nyeusi, chrome bado ina uhai. Mgeni aliyekuja kufanya kazi za mradi aliiacha alipoondoka, ikapita mikono, ikaishia kwa dalali. Bei milioni mbili na laki saba. Milioni mbili na laki mbili za mama ukijumlisha na laki tano za jamaa unapata ngapi? Milioni mbili na laki saba. Hesabu ililingana mpaka inatisha. Jamaa akaandika: "Mungu hawezi kutuonesha wazi zaidi ya hapa."

Leseni na helmeti zitatoka wapi? Hilo halikuwepo kwenye hesabu ya jamaa.

SAFARI YA MASASI

Bidada alifanya jambo moja la akili kuliko yote. Kabla ya kwenda, alimtafuta fundi wa pikipiki wa palepale Newala, kijana anayetengenezea bodaboda chini ya mkorosho. Akamlipa elfu ishirini ya siku, nauli na chakula juu yake. Watu wakamcheka, eti unamlipa mtu kwenda kuangalia kitu ambacho macho yako yanakiona? Waache wacheke.

Wakapanda gari asubuhi, wakashuka kutoka uwandani. Anayejua njia hiyo anajua: juu Newala kuna ubaridi, ukichungulia Shimo la Mungu unaona bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo, halafu ghafla unaanza kuteremka, na chini joto linakupokea kama mama mwenye nyumba anayedai kodi. Masasi ni mji wa mawe makubwa na njia panda. Huku barabara ya Lindi na Mtwara, kule Tunduru, huku Nachingwea, kule Mangaka na Daraja la Umoja. Kila kitu kinachouzwa kusini kinapita pale, kizima na kibovu.

Kruza ilikuwa imeegeshwa kivulini, imeoshwa, imepakwa mafuta kwenye mpira wa tairi. Dalali mchangamfu: "Karibu dada, mali yako hii, nilikuwa nakusubiri wewe tu." Bidada akakaa juu. Miguu yote miwili ikagusa chini, nyayo zote, bila kuchungulia.

Hapa lazima haki itendeke. Watu wengi wanasema kruza ni ya mashauzi tu, sio kweli. Kwa mtu anayeanza kujifunza, na hasa mtu mfupi, siti ya chini ni kitu kikubwa. Siti ya Virago 250 iko chini ya sentimeta 70 kutoka ardhini, wakati hizi za bodaboda nyingi zinakaribia sentimeta 80. Ukisimama kwenye foleni au njia ikakutisha, unaweka miguu chini na pikipiki haiendi popote. Nguvu yake inakuja taratibu, hairuki. Na uzito wa hii ya 250 sio wa kutisha, ni kilo mia moja arobaini na kitu. Ndugu zake wa sisi 400 ndo wanavuka kilo 200, hizo zikikulalia utaita majirani. Bidada hakuwa mjinga kuipenda. Moyo ulienda, na ulikuwa na sababu.

Fundi hakusema kitu. Aliinama, akagusa bloku kwa kiganja, akautoa haraka. Ya moto.

"Umeiwasha saa ngapi, kaka?"

"Nilikuwa naipasha tu, dada asije akahangaika."

Fundi akasema sawa, tunakwenda kunywa chai, tutarudi ikipoa. Dalali akaanza wimbo wao: kuna mteja yuko njiani anatoka Nachingwea na hela taslimu. Fundi akamwambia kama akifika kwanza basi bahati yake. Wakaenda kula mihogo, saa nzima na zaidi.

Kama husomi kingine humu, shika hili. Injini used iwashwe ikiwa imepoa, mbele yako. Injini ya moto inaficha maradhi kama mtu aliyemeza panado kabla ya kupimwa homa. Waliporudi ikawashwa. Ikakohoa, ikatoa moshi wa bluu kidogo, ukakata baada ya muda. Moshi wa bluu maana yake oil inaungua ndani. Ukikata haraka inaweza kuwa mpira wa valvu umechoka, ukiendelea na kuongezeka ukivuta mafuta, hiyo ni ringi na bloku, andaa hela. Huu ulikata. Fundi akasema hilo linatengenezeka.

Akahamia tairi. Meno yalikuwepo, yamejaa kabisa, mtu angesema mpya. Fundi akasoma ubavuni. Kila tairi lina tarakimu nne zinazoonesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, mbili za mwanzo wiki, mbili za mwisho mwaka. Tairi la nyuma lilikuwa na zaidi ya miaka kumi, mpira umekauka una nyufa kama kisigino cha kiangazi. Sawa, unanunua lingine. Unalinunua wapi? Rimu ya nyuma ya pikipiki ile ni nchi 15. Maduka ya Masasi na Newala yamejaa tairi za 17 na 18 maana ndizo za bodaboda. Hiyo ya 15 ni kuagiza Dar na kusubiri. Na sio tairi tu. Kebo, plagi, pedi za breki, kabureta, kila kitu ni kuagiza na kusubiri, wakati mteja wa Kitangali anataka mzigo wake leo.

Akalala chini akaangalia tumbo la pikipiki. Kuna michubuko mirefu chini ya chesisi na kwenye ekzosi. Pikipiki ya chini inakwaruza. Njia za uwanda wa Makonde nje ya lami ni mchanga, mchanga mlaini unaomeza tairi, na masika yanachimba makorongo katikati. Tena Newala ni nchi ya shida ya maji, pikipiki ya nyumbani lazima siku nyingine ibebe madumu. Dumu la lita ishirini ni kilo ishirini, weka mawili nyuma ya kruza kwenye mchanga, halafu uniambie kuhusu kochi.

Fundi akaiendesha kidogo barabarani, akarudi anatabasamu. "Mashine nzuri hii, dada'angu. Kwa kweli nzuri. Ila ingekuwa ya lami, na ya mtu mwenye fundi Dar."

Bado bidada alikuwa anaitaka. Hilo nalo lisifichwe. Kilichomrudisha nyuma ni karatasi.

KADI INASEMAJE

Bidada aliomba kadi. Kadi ikaja, orijino. Namba ya chesisi sawa, namba ya injini sawa. Jina? La mtu mwingine kabisa, yule mgeni aliyeondoka. Dalali alikuwa na karatasi ya kuuziana kati yake na kijana fulani. Kati ya mgeni na kijana hakukuwa na kitu, maneno tu. Yaani pikipiki imeuzwa mara mbili na TRA haijui hata mara moja.

Watu wanachukulia hili kama jambo dogo. "Kadi si ipo?" Kadi ipo, lakini mwenye kadi ndo mwenye pikipiki. Kubadilisha umiliki TRA unatakiwa kuwa na mkataba wa mauziano kati yako na mtu anayesomeka kwenye mfumo wao, pamoja na TIN zenu wote. Mtu mwenyewe hayupo nchini, nani atasaini? Siku ikitokea ajali, wizi, au mtu akaja kudai kwamba ile aliazimisha tu, wewe unasimama na nini? Hela ya korosho ya mama imegeuka kuwa chuma ambacho sio chako.

Na kuna leseni pia. Daraja A1 ni la pikipiki ndogo zisizozidi sisi 125, zaidi ya hapo unahitaji daraja A. Anayeanza akikimbilia 250 akiwa na leseni ya ndogo, au hana kabisa, anampa trafiki chakula cha mchana na bima inapata sababu ya kumkana.

Bidada akamwambia dalali anakwenda kufikiria. Dalali akashusha laki mbili hapohapo. Bei ikishuka haraka hivyo bila wewe kuomba, jiulize ilikuwa inaning'inia wapi. Bidada akashukuru, akapanda gari la Newala.

SIMU YA USIKU

Usiku akampigia jamaa, akamweleza tairi, kadi, mchanga. Jamaa akasikia kitu kimoja tu: amekataa. "Yaani unamsikiliza fundi wa chini ya mti kuliko mimi?" Akasema ile laki tano alitoa kwa ajili ya ile pikipiki, sio pikipiki yoyote. Bidada akauliza, "Kwa hiyo ulininunulia mimi au ulinunua picha?" Simu ikakatwa. Nani alikata, kila mmoja ana maelezo yake.

Asubuhi laki tano ikarudi Dar, na makato ya kutuma akayalipa yeye. Hakuandika ujumbe. Jamaa naye hakujibu. Wiki ikapita, ikawa mbili, baadaye status zikaacha kuonekana. Miaka miwili iliishia pale, kimyakimya, kama taa ya sola ikiisha chaji. Mama mtu alimkuta binti analia jikoni, akadhani ni moshi, au alijifanya kudhani ni moshi.

Kuna watakaosema ameacha mwanaume kwa ajili ya kadi ya pikipiki. Inaweza kusemwa hivyo. Inaweza pia kusemwa kwamba pikipiki iliuliza swali ambalo wale wawili walikuwa wanalikwepa muda mrefu: nani anaamua jinsi mwenzake anavyoishi huko aliko.

PIKIPIKI YA MWALIMU

Ya pili kuangaliwa ilikuwa ya bodaboda, palepale Newala. Boxer 150, rangi mpya, stika mpya, siti mpya, bei rahisi, milioni moja na laki moja. Fundi hata hakuinama sana. Pikipiki ya mkataba inaijua jua na mvua: dereva anampelekea tajiri hesabu ya kila siku, na akimaliza mkataba pikipiki inakuwa yake. Mpaka imalize imebeba watu watatu watatu, magunia na vitanda. Nyuma kwenye mkono wa tairi kulikuwa na welding iliyofunikwa na rangi. Rangi mpya kwenye kitu cha zamani ni ya kuuliza, sio ya kushangilia. Na kadi iko kwa tajiri ambaye "amesafiri". Wakaondoka.

Ya tatu ilitoka kwa mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa anahama wilaya. TVS sisi 125, mmiliki mmoja, kadi kwa jina lake, mwenyewe yupo na kitambulisho anacho. Haikuwa na mvuto wowote. Ina kikapu mbele, ina vumbi la chaki. Mita ilisema kilometa elfu ishirini na moja, na mwalimu akasema kabla ya kuulizwa kwamba waya wa mita ulikatika mwaka jana. Muuzaji anayekutajia kasoro ambayo hujaiona, msikilize kwa makini. Mita sio msahafu. Angalia mpira wa kukanyagia breki, mpira wa mikono, siti imebonyea kiasi gani. Hivyo havidanganyi.

Ikawashwa ya baridi, kiki ya pili ikaitika. Hakuna moshi. Fundi akainua tairi la mbele, akazungusha usukani kushoto na kulia kusikiliza bearing, zilikuwa zinakwama katikati, za kubadilisha. Cheni na sproketi zake zimeisha, meno yamekuwa makali kama ya papa. Breki ya mbele kebo imelegea. Shokapu za mbele hazivuji. Spoku zote zipo. Fundi akaandika kwenye kipande cha boksi, jumla laki moja na elfu thelathini pamoja na ufundi.

Mwalimu alitaka milioni moja na nusu. Bidada hakusema "punguza", alimwonesha kipande cha boksi. Wakamalizana milioni moja na laki nne, wakaandikishana kwa wakili, wakaanza mambo ya TRA wiki hiyohiyo kabla mwalimu hajahama. Hela iliyobaki ikaenda kwa mpangilio wa mjomba: mafunzo na leseni, helmeti mbili nzima za kufunga kidevuni, bima, matengenezo. Chenji ikawekwa kwenye bahasha imeandikwa "tairi".

MGUU WA MJOMBA

Kujifunza kulifanyika uwanja wa mpira, alfajiri, kabla vijana hawajaja. Alianguka mara mbili, zote akiwa karibu anasimama, maana siti ilikuwa juu kwake. Hapo aliikumbuka kruza, na alikuwa na haki ya kuikumbuka. Fundi akapunguza sponji ya siti, akamfundisha kusimama kwa mguu wa kushoto chini na wa kulia kwenye breki. Siku ya tano akaacha kuanguka.

Leseni ilipotoka, mjomba akasema bado. Akapanga mawe mawili kwenye njia, akamwambia aje kwa kasi asimame kati ya mawe, breki zote mbili, ya mbele na ya nyuma pamoja. Wanafunzi wengi wanaogopa breki ya mbele, wameambiwa inapindua, kumbe ndiyo inayosimamisha zaidi. Ukiikamua taratibu huku usukani umenyooka, pikipiki inatii. Alirudia mpaka mjomba akachoka kuhesabu.

Halafu wakaenda kwenye mteremko. "Gia ya pili, injini inawaka, usiguse klachi." Akateremka, injini inanguruma inashika mwendo yenyewe. Chini akageuza, akapanda tena. Mjomba alikuwa amekaa juu ya jiwe, mguu ameunyoosha. Ndo akasema, bila kuulizwa. Alikuwa kijana, na pikipiki ya kuazima, ana gunia la korosho nyuma. Kila mtu alikuwa anazima injini kwenye mteremko ili kuokoa mafuta, anaachia gia, inateleza yenyewe. Kopo moja la petroli ndo alitaka kuokoa. Breki zikachemka zikakataa. Injini iliyoachiwa gia haishiki mwendo.

"Nililipa mguu kwa kopo la petroli," akasema. Akanyanyuka, akampa funguo. Milioni mbili na laki mbili alikuwa ameshazitoa zote kwa mafungu, kilichobaki mkononi mwake ilikuwa hiyo funguo tu.

Sasa hivi bidada anapeleka mzigo Kitangali Jumanne na Ijumaa. Juni na Julai ukungu wa Newala ukiwa mzito anawasha taa na kuvaa sweta mbili chini ya koti. Masasi bado anatuma kwa gari, anasema njia ile ataizoea taratibu, hana haraka. Hesabu za daftari zimebadilika, safu ya nauli imekuwa safu ya petroli, na ni fupi zaidi.

Na kruza? Haikulipuka, kwa wanaosubiri kusikia hivyo. Ilinunuliwa na mtu mzima mmoja ambaye alikuwa anafahamiana na yule mgeni, akampigia simu, karatasi zikanyooshwa, na ana fundi wake Dar. Anaipanda jioni kwenye lami na helmeti yake kichwani, inang'aa kweli. Bidada aliiona stendi ya Masasi siku moja ameshuka kwenye gari. Akasimama akaiangalia mpaka ikapotea kwenye kona ya mawe. Bado ni nzuri. Ilimfaa mtu mwingine.

Kwa hiyo wewe unayeanza, una milioni mbili na ushee za mama mkononi, mbele yako kuna kochi la chrome na kuna TVS yenye vumbi la chaki. Ungechukua ipi, na njia yako ikoje? Tiririka hapo chini, matusi yabaki nyumbani.